Mguu wa Kushoto wa Wifi

Wifi yangu amefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari. Nusu nyingine ni wale wanaotembea kwa miguu kwa sababu walimwogopa. Nasema hivi kwa mapenzi, maana ni mke wa kaka yangu, na sisi mawifi tuna ruhusa ya kutaniana mpaka mmoja aombe maji. Mchana anakaa kiti cha pembeni cha kigari cha shule ya udereva, chenye pedali za ziada upande wake, akimsubiri mwanafunzi akosee. Jumamosi jioni anapiga dramu kwenye bendi. Ukimuuliza kazi yake hasa ni ipi kati ya hizo mbili, atakwambia ni moja tu: miguu.

Kaka yangu ni kinyozi. Ni mpole, msafi, na ana maneno machache, jambo la ajabu kwa kinyozi. Anampenda mkewe kupita kiasi na hajui muziki hata chembe. Mpigie wimbo wa taifa, kisha mpigie honi ya lori, atavisimamia vyote viwili kwa heshima ileile.

Dramu za wifi ni za umeme. Wanakaa ghorofa ya pili, na chini yao anaishi mkunga ambaye hufanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo ngoma za kupasua masikio hazikuwahi kufikiriwa. Zake ni visahani vya mpira vilivyofungwa kwenye vyuma. Ukikipiga kisahani, waya unapeleka habari kwenye kisanduku kidogo, na kisanduku ndicho kinachotoa sauti, ama kwenye spika, ama kwenye hedifoni. Wenyewe wanakiita moduli. Nyumbani kwa kaka kinaitwa Ubongo. Wifi akivaa hedifoni na kuanza kupiga, yeye anasikia tamasha zima, na sisi wengine tunasikia taf, taf, taf, basi. Kaka amekula chakula cha jioni miaka na miaka huku akisikia taf, taf, na hajawahi kulalamika.

Sasa, siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, na Ubongo ukaungua. Nilipofika nilimkuta wifi amekaa sakafuni analia machozi ya kweli, kisanduku mapajani, chumba chote kinanuka plastiki. Nilidhani kuna msiba. Nilipojua ni nini nilitaka kucheka, lakini aliponieleza yaliyobaki nikakaa naye palepale sakafuni.

Yaliyobaki ni haya. Kwenye bendi yao kuna mpiga kinanda tunayemwita Kitufe. Kinanda chake kina kitufe fulani ambacho ukikibonyeza dramu zinajipiga zenyewe, hazichoki, wala hazihitaji mahali pa kukaa. Kitufe amekuwa akimnong'oneza kiongozi wa bendi muda mrefu kwamba jukwaa ni dogo na mpiga dramu anakula nafasi. Habari za Ubongo kuungua zilipomfikia, aliacha kunong'ona akasema waziwazi. Kiongozi wa bendi ni mfamasia anayepiga gitaa, mtu wa haki lakini mwoga wa ugomvi. Akaamua kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata wifi aje na dramu zinazofanya kazi, apige mbele ya watu. Akifanikiwa, kiti ni chake na mtu asimguse tena. Akishindwa, Kitufe abonyeze kitufe chake na mjadala ufungwe.

"Wakininyang'anya kile kiti, wifi, nitabaki na nini?" akaniuliza. "Nitafundisha watu kurudi nyuma mpaka nizeeke?"

Ubongo wa kampuni ileile haukupatikana mji mzima. Fundi mmoja wa spika alikuwa nao mwingine, wa kampuni nyingine kabisa, mweusi, unang'aa, una taa nyingi mbele. Akatuhakikishia kwamba utaelewana na dramu zetu, maana matundu ya plagi ni yaleyale. Na kweli, plagi zote ziliingia vizuri. Ila mimi nimeolewa, najua kwamba kuingia ndani ya nyumba na kuelewana na wenyeji ni mambo mawili tofauti.

Jumapili tukachomeka nyaya zote. Wifi akapiga ngoma ndogo, likalia toazi. Akapiga toazi, kimya. Akaigusa ngoma ya pembeni polepole, kimya tena. Akaipiga kwa hasira, zikalia tatu kwa mpigo mmoja. Nilicheka mpaka nikashikilia pazia.

"Hizi zinasengenyana," wifi akasema. "Namwambia huyu neno, yule kule anaitika."

Shida ilikuwa kwamba Ubongo mpya ulitaka kuambiwa kila kisahani ni cha aina gani, na aina ulizozijua ni za kampuni yake tu. Visahani vyetu ulivitazama kama wakwe walioingia bila kubisha hodi. Basi tukavisingizia. Hiki tukauambia ni cha aina hii, ukakataa. Tukauambia ni cha aina ile, ukakubali nusu. Mimi nabonyeza, wifi anapiga. Tukaongeza usikivu hapa, tukapunguza pale, ili ngoma isipokee mtikisiko wa jirani yake na kudhani imeitwa yenyewe. Kufikia alasiri kila kisahani kilikuwa kinajibu kikiitwa na kunyamaza kisipoitwa. Nilicheza pale sebuleni na kitambaa cha vyombo mkononi. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa jambo lisilonihusu.

Kisha akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali yake.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo penye utamu. Mguu wa kushoto wa mpiga dramu unatawala matoazi mawili yanayotazamana. Ukikanyaga, yanabanana, ukiyapiga yanasema tss, kwa kifupi. Ukiachia, yanaachana, ukiyapiga yanasema tshaaa. Muziki mzima unapumulia hapo. Kwenye Ubongo mpya mambo yalikuwa kinyume. Wifi akikanyaga, tshaaa. Akiachia, tss. Tukapekua kila kona ya kile kisanduku tukitafuta mahali pa kugeuza, hapakuwepo.

Kaka alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe ameshika kichwa.

"Baba Pacha, nikikanyaga inafunguka, nikiachia inafunga," akamlalamikia. Wamejaliwa pacha, wako shule ya bweni. "Jumamosi nitakuwa kichekesho cha mji."

"Pole sana, Mama Pacha," kaka akasema. Akanawa mikono, akala, akanyamaza. Mimi nimekua naye, na kaka yangu akinyamaza namna ile huwa kuna jambo linaiva. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka, sikutia maanani.

Kesho yake niko dukani kwangu, nauza viatu, mteja ana kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, simu ikalia. Wifi. Nyuma yake nasikia honi za magari zinapigana.

"Wifi, ni klachi," akasema.

"Klachi gani? Mko salama?"

"Ile pedali. Nilikuwa namwambia mwanafunzi, kanyaga, injini inaachiwa. Ondoa mguu, inashika. Nimesema hivyo mara ngapi maishani? Ile pedali haijakosea chochote. Ni klachi tu."

Gari lilikuwa limezimika kwenye taa za barabarani, mwanafunzi anatetemeka kwenye usukani, na mwalimu wake anapiga simu akicheka. Nikamwambia aondoe kwanza gari barabarani.

Hakutania. Mguu wa kushoto wa wifi umekanyaga klachi za watu wazima kwa vijana, walioiva na wasioiva, na kanuni ya kukanyaga-ili-kuachia imeshaingia kwenye mfupa. Alichofanya ni kuacha kuufikiria kama mguu wa dramu na kuufikiria kama mguu wa gari. Jumanne nilipopita kwao jioni, kabla kaka hajafunga kibanda chake cha kunyolea, nilivaa hedifoni ya pili nikasikiliza. Jamani. Mguu ulikuwa unapaa. Matoazi yalikuwa yanafunga na kufunguka kwa madaha ambayo sijawahi kuyasikia kwake, kama vile miaka yote alikuwa anaendesha na breki ya mkono imevutwa.

"Usimwambie kaka yako," akaniomba, jasho linamtiririka, amechangamka kama msichana. "Yeye anasikia taf, taf tu. Nataka asikie Jumamosi, mara moja, kwenye spika kubwa."

Nikaapa. Wiki nzima nilikuwa natembea na siri hiyo nikijichekea peke yangu hadi wateja wakadhani viatu vina kasoro.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mlinzi wa ukumbi alikuwa ameupoteza ufunguo, ukapatikana mfukoni mwake mwenyewe watu wakiwa wameshapanga foleni, kwa hiyo bendi ilifunga vyombo harakaharaka na hakuna aliyejaribu kitu. Wifi hakujali. Alikuwa amevaa blauzi ya kijani, kichwa juu, amekaa kwenye kiti chake kama mtu aliyekuja kusaini mkataba. Kitufe alikuwa kando yake, kidole kimoja tayari juu ya kitufe.

Mimi na kaka tulikaa safu ya mbele. Kaka alikuwa amepiga pasi shati mpaka mikunjo inakata, anatabasamu peke yake. Nikadhani ni mapenzi tu.

Mfamasia akahesabu, wimbo ukaanza. Mpigo wa kwanza, sawa. Wa pili, matoazi yakasema tshaaa mahali ambapo yalitakiwa kusema tss. Wifi akautazama mguu wake. Akakanyaga, yakafunga. Akaachia, yakafunguka. Yaani yalikuwa yanafanya vilevile kama matoazi ya watu wote duniani, na kwa wifi yangu, baada ya wiki ile, huo ulikuwa msiba. Mguu ukaenda huku, sauti ikaenda kule. Mpiga besi akageuka. Wimbo ukayumba, ukachechemea, na watu waliokuwa wameanza kucheza wakasimama wakitazamana.

Kaka akaninong'oneza, sauti imejaa furaha. "Waya ule nimeugeuza mimi."

"Waya upi?"

"Wa pedali. Mteja wangu mmoja anafanya kazi redioni, akanieleza. Kwenye plagi kuna ncha na kuna pete. Kampuni moja inaweka habari huku, nyingine inaweka kule. Basi leo asubuhi akiwa anaoga nikafungua plagi, nikabadilisha zile nyaya mbili, nikalehemu upya. Si unajua huwa nalehemu mashine zangu za kunyolea? Sasa akikanyaga inafunga. Alikuwa anateseka, maskini."

Nilimtazama kaka yangu, nikatazama jukwaani, nikamtazama tena kaka yangu. Hajawahi kumtendea mkewe jambo zuri zaidi ya hilo, wala baya zaidi, tangu wafunge ndoa. Nilitamani nimkumbatie na nimtie kofi kwa mkono mmoja.

Wimbo ukafa katikati. Wifi akainama kuangalia pedali, akafuata waya kwa macho mpaka kwenye plagi, na pale akaona utepe mwekundu, ule ambao kaka hufungia nyaya zote za kibanda chake. Akainua macho. Kaka akamwonyesha dole gumba.

Nilimwona wifi akielewa. Usoni mwake yalipita mambo mengi kwa mkupuo, na la mwisho lilikuwa kicheko. Alijitahidi kukibana kikamshinda, mabega yakaanza kutikisika, akalazimika kujifunika uso kwa mkono wa blauzi. Watu walidhani analia.

Mfamasia akamsogelea. Alikuwa mwema, siwezi kumsingizia. "Mwalimu, kama ni vifaa, sema tu," akamwambia, na kwa kuwa maikrofoni ya wifi ya kuitikia ilikuwa wazi, ukumbi mzima ulisikia. "Vifaa ni vipya, tunaelewa. Tutakusubiri hadi Jumamosi ijayo. Lakini kama si vifaa, basi."

Kitufe akasogeza kidole. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi mbele ya wifi, mpana, na maneno ya kupitia mlangoni yalikuwa mawili: wamegeuza waya. Angeyasema, angepata wiki nzima na kiti kingekuwa salama. Nilikuwa namwombea ayaseme. Wifi alimtazama mume wake aliyekaa safu ya mbele na shati lake lililonyooka, dole gumba bado liko juu.

"Vifaa viko sawa kabisa," akasema. "Ni mguu wangu."

"Basi tunarudia mara moja tu," mfamasia akasema polepole. "Ikishindikana, Mwalimu, ndiyo hivyo."

Wifi akavua kiatu cha kushoto. Akakaa sawasawa, akavuta pumzi, na akafanya kitu ambacho huwafanyia wanafunzi wanaochanganyikiwa barabarani: akaanza kuuambia mguu la kufanya, kwa sauti yake ya garini, kavu, bila haraka.

"Kanyaga. Achia. Kanyaga. Achia."

Maikrofoni ilikuwa bado wazi. Sauti ikatoka kwenye spika zote, ikatanda ukumbini, na nikasikia kitu chini ya viti, kizito, kwa pamoja. Nikatazama chini. Bwana aliyekaa kulia kwangu, mtu mzima mwenye mvi, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga sakafu. Wifi akasema achia, ukanyanyuka. Nyuma yangu mama mmoja naye, kanyaga. Safu nzima. Mkunga wa ghorofa ya chini, mguu. Mlinzi wa ukumbi mlangoni, mguu. Nimeshawaambia nusu ya mji ilifundishwa na huyu mwanamke, na miguu yao haijamsahau. Hawakuwa wanataka. Walikuwa wanatazama miguu yao kwa mshangao huku inakwenda. Kijana mmoja wa mbele alipeleka hata mkono pembeni kutafuta gia.

"Kanyaga, funga. Achia, fungua," wifi akaendelea, na sasa matoazi yalikuwa yanamfuata, tss, tshaaa, tss, tshaaa, na sakafu ya ukumbi inamsaidia kwa miguu mia. Mguu wake ulipotaka kurudi kwenye klachi, mji mzima uliushikilia mahali pake. Mkono wa kulia ukaingia. Ngoma ndogo ikaingia. Mpiga besi akacheka akaingia. Mfamasia akaingia na gitaa, na nikaona kiatu chake cha kushoto nacho kinapanda na kushuka, maana leseni yake aliipatia wapi kama si kwa mwalimu huyuhuyu.

Kisha nikamtazama Kitufe. Alikuwa amesimama ameduwaa nyuma ya kinanda chake, kidole kimeganda hewani, na chini mguu wake wa kushoto unakanyaga na kuachia kwa utiifu kabisa. Hapo ndipo nilipopoteza heshima yangu yote. Nilipiga kelele, nikasimama juu ya kiti, nikacheza. Watu walicheza wamesimama na wamekaa, waliokuwa na magari na wasiokuwa nayo, na wimbo ambao huwa mfupi ulikataa kwisha. Kila ulipofika mwisho, wifi alisema "Kanyaga," na sisi wote tukakanyaga, ukaanza upya.

Ulipokwisha hatimaye, Kitufe mwenyewe ndiye aliyebonyeza kinanda kukizima. Mfamasia hakutoa hotuba. Alikigonga kiti cha wifi kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayehakikisha kimekaa imara, akamwambia, "Jumamosi ijayo usichelewe."

Wifi akashuka jukwaani na kiatu kimoja mkononi. Sisi tukamfuata, kaka mbele, amefurahi hajiwezi. Mfamasia alikuja nyuma yake, bado ana wasiwasi wa kitaalamu.

"Mwalimu, nikuulize tu," akasema. "Ile mara ya kwanza, ni kweli tatizo lilikuwa mguu?"

Kabla wifi hajafungua mdomo, kaka akajibu. Mtu wa maneno machache, na siku hiyo akayapata.

"Ni mguu, bwana, mvumilieni," akamwambia mfamasia, kwa upole wote alionao, akimshika mkewe begani. "Mguu wake ni mzito kidogo, lakini ana bidii. Vifaa havina tatizo, hilo nakuhakikishia. Niliviangalia mwenyewe."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Mguu ule ndio fahari ya maisha ya wifi. Watu wamewahi kuambiwa wateremke garini kwa kuusema vibaya. Wifi akanitazama, macho yamejaa machozi ya kicheko, akayafuta kwa kiwiko, kisha akaushika mkono wa mume wake uliokuwa begani.

"Ni kweli anavyosema," akamwambia mfamasia. "Mguu wangu ni mzito. Ana kazi sana na mimi, huyu."